Wabunge wakilumbana kuhusu uavyaji mimba, mgonjwa huchelewa

Na Daktari Wetu, Sultan Hamud

Hakuna suala la afya lililowatoa jasho wabunge wetu wenye msimamo wa kihafidhina kama uavyaji mimba. Kwa zaidi ya miaka 15 wamelipigania Bungeni, katika Seneti, makanisani na kwenye majukwaa ya kura ya maoni. Walipata ushindi mmoja mkubwa, kisha wakauona ukimegwa kipande kwa kipande. Ukimsikiliza mwanasiasa wa mrengo huo akizungumza baada ya ibada ya Jumapili, utasikia uchungu katika sauti yake. Anahisi kwamba anachokijenga mchana hubomolewa usiku.

Uchungu huo si wa kubezwa, maana una sababu zake na nitazieleza. Lakini kuna upande wa pili ambao hauonekani kutoka kwenye viti vya Bunge. Upande huo huonekana vizuri zaidi katika chumba cha daktari, hasa katika miji kama huu wetu wa Sultan Hamud.

Msomaji ambaye hupita hapa akielekea Mombasa anaujua mji huu kwa vibanda vya nyama, malori yaliyoegeshwa na reli. Mji umepewa jina la Sultan Hamud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Uko katika Kaunti ya Makueni, mpakani na Kajiado, na watu wa kila aina hukutana hapa: madereva, wachuuzi, wanafunzi, wahudumu wa hoteli na wake wa wakulima kutoka vijijini. Mji wa barabarani una mapenzi ya haraka, na mapenzi ya haraka huleta mimba zisizotarajiwa. Lakini pia una wake waliotulia kwenye ndoa zao ambao mimba walizozitaka sana huharibika zenyewe. Makundi haya mawili hufika kwetu na dalili zile zile. Tuliweke jambo hilo akilini, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya.

Kura 145 zilizokosekana

Turudi nyuma kidogo. Novemba 2009, Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga, mwana wa Kitui, ilitoa rasimu ya kwanza ya Katiba. Rasimu hiyo ilitaja haki ya kuishi bila kueleza uhai unaanza lini. Makanisa yalilalamika. Januari 2010, kamati teule ya wabunge ilikutana Naivasha na kuandika kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Kwa mbunge mhafidhina, huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa. Nchi chache duniani zina maneno kama hayo katika Katiba.

Ushindi huo haukudumu mwezi mzima bila doa. Rasimu iliporudi kwa wataalamu, waliyaacha maneno ya uhai kuanza mimba inapotungwa, lakini wakaipanua ruhusa. Kifungu cha 26 kikawa kinasema kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wahafidhina waliona kwamba neno "afya" ni pana mno, na kwamba ile "sheria nyingine" ni mlango uliosindikwa bila kufuli.

Walijaribu kuufunga Bungeni. Wabunge waliwasilisha mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 100 kuhusu rasimu nzima. Hata hivyo, sheria iliyosimamia shughuli hiyo ilidai kila badiliko liungwe mkono na asilimia 65 ya wabunge wote, yaani wabunge 145 kati ya 222. Idadi hiyo haikupatikana hata mara moja. Aprili 1, 2010, Bunge liliipitisha rasimu bila kubadilisha hata nukta. Wenye hasira na kifungu cha 26 na wenye hasira na mipaka ya kaunti waliondoka wote mikono mitupu.

Vita vikahamia kwa wananchi. William Ruto, wakati huo mbunge wa Eldoret Kaskazini na waziri, aliongoza kambi ya "La" iliyovaa rangi nyekundu, pamoja na viongozi wengi wa makanisa na Rais mstaafu Daniel arap Moi. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza kambi ya kijani, na Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni hapa Makueni, ndiye aliyekuwa Waziri wa Haki. Agosti 4, 2010, takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walisema "Ndiyo". Mkoa wa Mashariki, ambao Sultan Hamud ilikuwa ndani yake, ulikuwa mmoja wa mikoa miwili iliyosema "La". Kwa hiyo wahafidhina wana wafuasi wengi katika sehemu hizi, na daktari anayefanya kazi hapa hawezi kujifanya hajui.

Malalamiko ya mhafidhina

Yaliyofuata ndiyo yaliyomkasirisha zaidi mbunge wa msimamo huo. Kwanza, kifungu cha 26 kimo ndani ya Sura ya Haki za Kimsingi. Kukibadilisha kunahitaji kura ya maoni, pamoja na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa kujitokeza katika nusu ya kaunti zote 47. Mbunge mmoja, hata awe na ufasaha wa namna gani, hawezi kukigusa kwa mswada wa kawaida.

Pili, maamuzi mengi hufanyika nje ya Bunge. Septemba 2012, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya uavyaji mimba usio salama. Hakuna mbunge aliyeupigia kura. Wahafidhina walipiga kelele, na Desemba 2013 wizara ikauondoa. Februari 2014 ikatoa waraka wa kuwakataza wahudumu wa afya kuhudhuria mafunzo ya uavyaji mimba. Hapo wahafidhina walishusha pumzi.

Tatu, mahakama. Chama cha Mawakili Wanawake, FIDA, kilienda mahakamani mwaka wa 2015. Miongoni mwa walalamishi alikuwa mama wa msichana aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 14, akaenda kutolewa mimba kwa njia isiyo salama, figo zake zikaharibika, na akafariki mwaka wa 2018 kesi ikiendelea. Juni 12, 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo ule kulikiuka sheria. Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi ilienda mbali zaidi ikasema kwamba huduma hiyo ni haki ya kimsingi, katika kesi ya msichana na tabibu aliyemtibu ambao walikamatwa pamoja.  Ukiwa mbunge, unaona sheria ikienda mbele na nyuma kama bembea na wewe huna hata kamba ya kushika.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili, maana nao umeshindwa. Seneta mteule Judith Sijeny alileta Mswada wa Afya ya Uzazi mwaka wa 2014. Susan Kihika, akiwa Seneta wa Nakuru, alileta mwingine mwaka wa 2019. Makanisa na vyama vya wataalamu Wakristo viliipinga miswada hiyo vikali, na yote miwili haikuwa sheria. Isitoshe, Kenya ilipoidhinisha Itifaki ya Maputo Oktoba 2010, iliweka pingamizi kuhusu kipengele kinachoruhusu uavyaji mimba. Wahafidhina hawakuweza kukaza, na wapinzani wao hawakuweza kulegeza.

Matokeo yake ni haya. Katiba inaruhusu hali fulani. Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa enzi za ukoloni, bado ina kifungu cha 158 kinachomtishia anayetoa mimba kifungo cha miaka 14, cha 159 kinachomtishia mwanamke mwenyewe miaka saba, na cha 160 kinachomtishia anayeleta dawa au vifaa miaka mitatu. Bunge halijakaa chini kuzioanisha sheria hizi mbili. Kazi ya kuzioanisha wameachiwa muuguzi wa zamu na polisi wa kituo cha karibu, na mara nyingi ni usiku.

Damu haimtaji mwenye hatia

Sasa tuingie katika taaluma yangu. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika zenyewe, nyingi zikiwa katika miezi mitatu ya kwanza. Sababu kubwa ni hitilafu katika chembe za urithi za kijusi. Si kwa sababu mama alibeba mtungi wa maji, wala alirogwa na mke mwenza, wala alikula kitu kibaya. Mwili wenyewe huiachilia mimba isiyoweza kukua.

Chukua mfano wa mama wa miaka 28, mwimbaji wa kwaya, mwenye watoto wawili. Ana mimba ya wiki 10 aliyoitaka. Anaanza kutokwa na damu Ijumaa jioni. Pembeni yake mlete msichana wa miaka 17 aliyemeza dawa alizouziwa kichochoroni. Wote wawili wanavuja damu, tumbo linawakaza, mlango wa kizazi umefunguka na mabaki ya mimba yamo ndani. Nikiwapima, aghalabu sitaweza kukuambia nani ni nani. Uchunguzi wa kawaida wa daktari hautofautishi kati ya mimba iliyoharibika na iliyoharibiwa, isipokuwa pale palipo na jeraha au masalio ya dawa.

Matibabu yao pia ni yale yale: kuongezewa maji na damu, kusafishwa kizazi kwa kifaa cha kufyonza au kwa dawa, na dawa za kuua viini. Huduma hii, ambayo sisi huita matibabu baada ya mimba kuharibika, ni halali kabisa. Katiba katika kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, iliyopitishwa na Bunge lile lile lenye wahafidhina wengi, inasema hivyo pia.

Lakini hofu haisomi sheria. Mwimbaji wa kwaya anaogopa kwamba wauguzi watamshuku, majirani watamnong'ona na polisi watamhoji. Mumewe anamwambia angoje hadi asubuhi. Msichana wa miaka 17 naye anaogopa zaidi, anajifungia chumbani na kuuma shuka. Mhudumu wa zahanati ndogo, akikumbuka yaliyomkuta tabibu wa Malindi, anaandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa badala ya kumtibu papo hapo. Kutoka hapa, hospitali kubwa ni Wote au Machakos. Kila mmoja amejikinga, na mgonjwa ndiye aliyepoteza saa.

Saa hizo zina gharama. Mabaki yakikaa ndani, viini huzaliana na sumu huenea katika damu. Homa hupanda, kisha presha ya damu hushuka, figo huacha kufanya kazi. Anayepona anaweza kubaki na mirija ya uzazi iliyoziba, asipate mtoto tena. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa Kenya mwaka wa 2012, na karibu wanawake 120,000 walitibiwa kwa madhara. Zaidi ya theluthi moja ya waliotibiwa walikuwa katika hali mbaya sana. Hali mbaya sana, kwa lugha ya wodi, maana yake mara nyingi ni kuchelewa.

Wakati mimba inapomhatarisha mama

Wapo wasomaji wanaodhani kwamba maneno "maisha au afya ya mama" ni kisingizio. Hali zenyewe ni za kweli, na daktari hukutana nazo.

Ipo mimba iliyotunga nje ya kizazi, hasa katika mrija. Hutokea katika mimba moja au mbili kati ya 100. Mtoto hawezi kuishi hapo, na mrija ukipasuka mama huvuja damu ndani ya tumbo bila hata tone kuonekana nje. Ipo mimba ya zabibu, ambapo kondo hugeuka vifuko vya maji badala ya mtoto. Upo ugonjwa wa moyo, hasa ule uliotokana na homa ya utotoni, ambapo mapafu hujaa maji mimba inapokua. Ipo presha kali inayoleta kifafa cha mimba. Ipo saratani inayohitaji dawa zisizoweza kungoja miezi tisa.

Sheria ya Afya ya 2017 inazitaja baadhi ya hali hizi waziwazi, na inaeleza kwamba mhudumu aliyehitimu anaweza kuwa daktari, tabibu, muuguzi au mkunga mwenye leseni na ujuzi unaotakiwa. Nimekutana na watu wa msimamo mkali wa kidini ambao, wakielezwa kuhusu mimba ya nje ya kizazi, husema mara moja kwamba mama atibiwe. Tatizo letu halipo hapo. Lipo katika hali za katikati, ambapo hatari ya leo ni ndogo na ya mwezi ujao ni kubwa, na sheria imemwachia mhudumu mmoja aamue huku Kanuni ya Adhabu ikimchungulia begani.

Dalili za hatari

Msomaji, iwe mimba imeharibika yenyewe au la, nenda hospitalini mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

Damu inayolowesha sodo mbili kubwa kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo.

Homa au kutetemeka kwa baridi.

Uchafu wenye harufu mbaya kutoka ukeni.

Maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au maumivu ya bega pamoja na kizunguzungu. Hii inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi iliyopasuka.

Kuzirai, kuishiwa pumzi au kukosa mkojo.

Ukifika, mweleze mhudumu ukweli wote: ulianza lini kutokwa damu, ulimeza nini, kama kuna kitu kilichoingizwa ndani. Hauulizwi ili uhukumiwe. Aliyeingiziwa kijiti au chuma anahitaji pia kinga ya pepopunda, na tusipojua hatutampa. Anayesindikiza mgonjwa aje tayari kutoa damu au amlete jamaa atakayetoa.

Kumbuka pia kwamba mwanamke anaweza kushika mimba nyingine ndani ya wiki mbili baada ya ile kuharibika, kabla hata hajaona hedhi. Kwa hiyo zungumza kuhusu upangaji uzazi kabla hujaondoka hospitalini.

Mambo yasiyohitaji kura ya maoni

Narudi kwa mbunge wetu mhafidhina, kwa heshima. Ana haki ya kuamini anachoamini na kukitetea. Lakini yapo mambo ambayo yeye na wapinzani wake wanaweza kuyapitisha bila kufungua Katiba, na bila yeyote kusaliti dhamiri yake.

La kwanza ni kuandika waziwazi kwamba mwanamke anayevuja damu hakamatwi kitandani, na mhudumu anayemtibu hakamatwi kazini. Hili linamlinda mwimbaji wa kwaya sawa na linavyomlinda mwingine yeyote. Mbunge anayetetea familia anapaswa kuwa wa kwanza kulileta.

La pili ni kuioanisha Kanuni ya Adhabu na Katiba. Mhafidhina akitaka mipaka iwe finyu, basi aichore wazi. Mpaka usioonekana haumzuii kichochoro wa dawa, maana yeye haogopi. Humzuia tabibu mwaminifu.

La tatu ni pesa. Zahanati nyingi za vijijini hazina kifaa cha kufyonza kizazi, wala damu ya akiba, wala ambulensi yenye mafuta. Kura ya bajeti ya kaunti hupigwa kila mwaka na haihitaji wabunge 145.

La nne ni kuzuia mimba isiyotakiwa isiingie. Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72, bila kuoga wala kufua nguo kwanza, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na tembe za dharura za kuzuia mimba. Tembe hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, ingawa zinaweza kusaidia hadi siku ya tano. Haziharibu mimba iliyokwisha kutunga. Hapa pia wahafidhina wana la kuchagua: kila mimba isiyotakiwa inayozuiwa ni mgonjwa mmoja ambaye hatafika kwangu akiwa ameuma shuka.

Makanisa ya Makueni yana sauti kuliko redio. Mchungaji anayesimama madhabahuni na kusema kwamba uavyaji mimba ni dhambi anaweza kuongeza sentensi moja: dada yeyote anayetokwa na damu, kwa sababu yoyote ile, apelekwe hospitalini usiku huo huo, na maswali yangoje. Sentensi hiyo haimwondolei mafundisho yake hata chembe, na itawafikia watu ambao hawatasoma ukurasa huu.

Wabunge wataendelea kulumbana, na mahakama zitaendelea kuamua. Wewe uliye nyumbani, ukisikia mke, binti, dada au mfanyakazi wako akilalamika kwamba damu haikomi, usianze kwa kuuliza amefanya nini. Tafuta gari.